Mwani, Picha na Maelezo: Uhakiki wa Namna Tunavyouandika Uhai Mdogo wa Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi uhakiki wa riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii tumechagua matini ya aina nyingine, nayo ni picha iliyopigwa kupitia hadubini pamoja na maneno machache yaliyoandikwa chini yake. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya wanabiolojia na haituhusu. Sisi tunaona kwamba inatuhusu sana. Picha ya namna hiyo ina mtunzi, ina hadhira, ina fani na ina maudhui. Ina pia makosa ya lugha, na makosa hayo ndiyo tunayokusudia kuyajadili.

Mahali tutakapopatumia kama mfano ni Kigwena, katika eneo la Rumonge, kwenye pwani ya Burundi ya Ziwa Tanganyika. Tumepachagua kwa sababu mbili. Kwanza, Rumonge ni miongoni mwa sehemu za Burundi ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya mwalo na ya mtaani kwa muda mrefu, sambamba na Kirundi. Pili, Kigwena inakutanisha mambo mengi katika eneo dogo: msitu wa asili uliohifadhiwa, mashamba ya michikichi, makazi ya wavuvi na ziwa lenyewe. Yanayotendeka nchi kavu huonekana upesi majini, na mwani ni miongoni mwa viumbe vya kwanza kuonyesha mabadiliko hayo.

Hoja yetu ni moja. Kiswahili kimekwisha kupata istilahi za kuutaja mwani, lakini bado hatujajenga mazoea ya kuueleza. Tunafundisha jina, tunabandika picha, kisha tunaendelea na ukurasa unaofuata. Kati ya jina na picha kuna nafasi tupu ambayo inapaswa kujazwa na maelezo ya kilichoonekana. Kwenye ziwa linalolisha watu wa nchi nne, nafasi hiyo tupu ina gharama.

Bahari ndani ya neno

Tuanze na neno lenyewe. Kwa msemaji wa Kiswahili wa pwani ya Bahari ya Hindi, mwani ni mmea wa baharini. Ni ule unaotupwa ufukweni na mawimbi, na ni ule unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, Unguja, ambako kilimo cha mwani wa kuuza nje kilianza mwaka 1989. Huonekana kwa macho, hushikika, huanikwa na kupimwa kwa kilo.

Istilahi za kisayansi zilipohitajika, neno hilohilo lilipanuliwa ili lichukue viumbe vyote vya kundi hili, vya baharini na vya maji baridi, vikubwa na visivyoonekana kwa macho. Kupanua maana ni njia halali ya kuunda istilahi, na hatuna ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba neno limepanuliwa bila maelezo kupanuliwa pamoja nalo. Mwanafunzi wa Rumonge anayesoma kwamba ziwa lake lina mwani hutafuta majani yanayoelea. Haambiwi kwamba ule utelezi wa rangi ya kahawia juu ya mawe ya ufukweni, ule unaomwangusha mtu anayeingia majini na ndoo, kwa sehemu kubwa waweza kuwa mwani.

Kuingiza bahari ziwani kwa sababu ya kufanana kumewahi kuwapotosha hata wataalamu. Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa Uingereza J. E. S. Moore aliona kwamba baadhi ya konokono wa Tanganyika walifanana na wa baharini, na kwamba ziwani walikuwamo konyeza, viumbe vya rojorojo ambavyo watu wa pwani wanavijua vizuri. Katika kitabu chake cha mwaka 1903, *The Tanganyika Problem*, alishikilia kwamba ziwa hili lilikuwa mabaki ya bahari ya kale. Leo nadharia hiyo imeachwa. Ziwa hukadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12, lilitokana na kupasuka kwa ardhi katika Bonde la Ufa, na maumbo yale ya konokono yalijitokeza humohumo ziwani. Kufanana kulikuwapo kweli, lakini hitimisho halikuwa sahihi.

Ili kuuchunguza mgogoro huo, msafara wa tatu wa Tanganyika ulioongozwa na W. A. Cunnington ulifika ziwani mwaka 1904 na 1905, ukakusanya pamoja na mambo mengine sampuli za mwani. Sampuli hizo zilichunguzwa Uingereza na G. S. West, ambaye mwaka 1907 alitoa ripoti ndefu yenye michoro ya spishi nyingi. Ripoti hiyo imebaki kuwa msingi wa elimu ya mwani wa Tanganyika. Kilichoifanya idumu ni kwamba kwa aina mpya West hakuishia kwenye jina. Alieleza umbo, akatoa vipimo, akachora. Msomaji wa leo anaweza kubishana naye kwa sababu alimwachia vitu vya kubishana navyo.

Picha kama matini

Wengi hudhani kwamba mchoro ni maoni ya mchoraji, na picha ya kamera ni ukweli wenyewe. Kwa anayetumia hadubini, mambo hayako hivyo.

Lenzi yenye nguvu huona tabaka jembamba sana kwa wakati mmoja. Ukilenga juu ya seli, chini yake hupotea. Ukilenga chini, juu huwa ukungu. Mchoraji hupandisha na kushusha lenzi, akakusanya tabaka zote katika mchoro mmoja. Kamera hukata tabaka moja na kuacha mengine. Kwa hiyo mpiga picha naye anachagua, ila uchaguzi wake hauonekani kwa urahisi. Siku hizi ipo njia ya kupiga picha nyingi katika vina tofauti na kuziunganisha kwa kompyuta, lakini hata hiyo inapaswa kutajwa, kwa kuwa picha iliyounganishwa haionyeshi kile ambacho jicho liliona kwa mkupuo mmoja.

Tuchukue diatomu, kundi muhimu sana la mwani katika ziwa hili. Diatomu ni kiumbe cha seli moja kilichofungiwa ndani ya ganda la silika, madini yanayotumika kutengenezea kioo. Ganda hilo lina sehemu mbili zinazofunikana kama kibweta na kifuniko chake. Diatomu inapokuwa hai, tunaona rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu, na baadhi ya aina huteleza polepole juu ya slaidi. Lakini rangi na mwendo havitoshi kumpa mtu jina la spishi. Jina hutafutwa katika mistari na vitundu vya ganda, na ili vionekane, sampuli husafishwa kwa kemikali kali mpaka chembe zote laini ziishe, kisha ganda tupu huwekwa katika gundi maalumu inayopindisha mwanga kuliko kioo cha kawaida. Hapo huhesabiwa mistari iliyomo ndani ya mikromita 10, na hesabu hiyo mara nyingi ndiyo inayotenganisha spishi moja na jirani yake.

Maana yake ni kwamba diatomu moja inahitaji angalau picha mbili: ya kiumbe hai na ya ganda lililosafishwa. Ya kwanza inaonyesha uhai, ya pili inaonyesha utambulisho. Anayetoa moja bila kusema ni ipi anamficha msomaji nusu ya habari. Tukitumia lugha ya darasani kwetu, ni sawa na kumpa mwanafunzi dondoo bila kumwambia limetoka katika sura gani na msemaji ni nani.

Kosa la pili ni la kipimo. Mara nyingi chini ya picha huandikwa "imekuzwa mara 400". Maneno hayo yana sura ya kisayansi, lakini hupoteza maana mara tu picha inapopunguzwa ili iingie katika ukurasa, au inapotupwa ukutani kwa projekta. Ukuzaji uliotajwa ni wa lenzi, wala hauhusu karatasi iliyo mkononi mwa msomaji. Dawa yake ni rahisi: mstari mfupi wa kipimo ndani ya picha yenyewe, ulioandikwa kwa mfano "mikromita 20". Picha ikikuzwa au ikipunguzwa, mstari hukua na kupungua pamoja nayo. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi, na diatomu nyingi ni nyembamba kuliko huo.

Kosa la tatu ni la uwakilishi. Katika vitabu vingi vya biolojia vya sekondari katika eneo letu, mwani wa maji baridi huwakilishwa na Spirogyra, uzi wa kijani wenye utepe uliojiviringisha ndani yake kama parafujo. Ni mfano mzuri, kwa kuwa ni rahisi kuutambua. Lakini mwanafunzi aliyelelewa kwa mfano mmoja huamini kwamba mwani wote ni nyuzi za kijani. Akikutana na Nitzschia iliyo kama sindano, au Surirella iliyo pana kama jani, au Rhopalodia iliyopinda mgongo, husema ni uchafu ulioingia katika slaidi. Jenasi hizo tatu zimeorodheshwa katika Ziwa Tanganyika, na zinastahili nafasi katika vitabu vya wanaoishi kando yake.

Majina yanayohama

Wapo wanaotujibu kwamba haya yote yana suluhisho, nalo ni jina la Kilatini. Toa jina la kimataifa, wanasema, na kila mtu duniani atajua unazungumzia nini. Hoja hii ina nguvu, lakini ina kikomo chake.

Majina ya kisayansi huhama kadiri elimu inavyokua. Mfano ulio karibu nasi ni Anabaena, nyuzi ndogo zenye seli zilizopangika kama ushanga, ambazo zimejulikana kwa muda mrefu kufanya maji ya juu ya Tanganyika yawe ya kijani baada ya kiangazi, pepo zinapokuwa zimechanganya maji na kuleta virutubishi juu. Mwaka 2009 aina za Anabaena zinazoelea zenye vifuko vya gesi zilihamishiwa katika jenasi mpya, Dolichospermum. Aliyeandika jina tu kabla ya mwaka huo amemwachia mwenzake kitendawili. Aliyeandika kwamba aliona nyuzi zilizojikunja, zenye seli za duara, na baina yake seli moja moja kubwa zenye ukuta mnene, amemwachia ushahidi ambao unaweza kupewa jina lolote litakalokubaliwa kesho.

Kanuni ya kimataifa ya majina ya mwani, kuvu na mimea yenyewe inalijua hilo. Tangu tarehe 1 Januari 1958, jina jipya la spishi ya mwani ulio hai halikubaliki bila mchoro au picha inayoonyesha sifa zake bainifu. Picha peke yake haitoshi pia, kwani lazima yawepo maelezo kwa maneno. Hadi mwisho wa mwaka 2011 maelezo hayo yalipaswa kuwa ya Kilatini. Kuanzia tarehe 1 Januari 2012 yanaweza kuwa ya Kilatini au ya Kiingereza. Kiswahili hakimo katika mlango huo. Lakini mlango huo ni mmoja na mwembamba, nao ni wa kutangaza jina jipya tu. Mafunzo, daftari za maabara, maelezo ya picha, miongozo ya ufukweni, ripoti kwa jamii na mitihani havifungwi na kanuni yoyote. Huko kote tukinyamaza, tumejinyamazisha wenyewe.

Upande mwingine wapo wanaodai kwamba majina ya wenyeji yanatosha. Nao tunawaomba watafakari mfano wa samaki. Samaki mdogo anayevuliwa usiku kwa taa, ambaye Burundi huitwa ndagala na Kigoma huitwa dagaa, ni spishi mbili zinazobebwa na jina moja. Mukeke wa Bujumbura ndiye mgebuka wa Kigoma. Majina ya wenyeji hupanga viumbe kwa matumizi, kwa ladha na kwa bei, na kwa kazi hiyo ni sahihi kabisa. Hayakuundwa ili kuhesabu mistari ya ganda la silika. Lugha ya sayansi na lugha ya mwalo zinahitajiana, na kinachoziunganisha ni maelezo.

Gharama ya maelezo hafifu

Msomaji anaweza kuuliza kama haya yote yana uzito nje ya darasa. Tutataja mambo mawili.

La kwanza ni chakula. Mwani unaoelea huliwa na wanyama wadogo wa majini, wanyama hao huliwa na ndagala, na ndagala huliwa na mukeke. Mnyororo huo ndio unaofika sokoni Rumonge. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Nature, wakakadiria kwamba uzalishaji wa mwani ziwani ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi kwa sababu ya kuongezeka kwa joto, na kwamba upungufu huo ungeweza kumaanisha kupungua kwa samaki kwa asilimia 30 hivi. Maji ya juu yakipata joto, hayachanganyiki vyema na maji ya kina yenye virutubishi. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba udongo unaomomonyoka kutoka nchi kavu unahusiana na kupungua kwa aina za viumbe ziwani. Kujua kama hali inaendelea, inapungua au inazidi, kunahitaji kumbukumbu zinazolinganishika. Picha isiyo na tarehe, mahali, kina na kipimo hailinganishiki na kitu chochote. Hata neno "ufukweni" halitoshi. Mafuriko ya ziwa yaliyoipata pwani ya Burundi katika miaka ya 2020 yalifunika sehemu ambazo awali zilikuwa nchi kavu.

La pili ni afya. Kundi la Dolichospermum, ambalo zamani liliitwa mwani wa buluu-kijani, kwa hakika ni bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, nao huitwa sianobakteria. Baadhi yao hutengeneza sumu. Mtu akiandika "maji yana mwani", hajasema kama ameona diatomu ambazo ni chakula cha viumbe wa ziwa, au utando wa sianobakteria ambao mama anayechota maji anapaswa kuuepuka. Neno moja limebeba riziki na hatari. Na hapa uaminifu wa lugha unahitajika zaidi: hadubini inaonyesha umbo, haionyeshi sumu. Sumu huthibitishwa kwa vipimo vya kemia. Anayeandika chini ya picha "mwani wenye sumu" bila kipimo hicho anatia hofu bila ushahidi, na anayeandika "mwani wa kawaida" anatoa usalama ambao hakuuona.

Maelezo yanayotosha

Tuseme mwanafunzi amekwangua kwa mswaki utelezi wa jiwe moja ufukweni Kigwena, akaweka tone kwenye slaidi, akapiga picha. Maelezo ya kwanza tunayoyakuta mara nyingi ni haya: "Mwani wa Ziwa Tanganyika." Ni maneno manne, na hakuna hata moja linalohusu kilichomo ndani ya picha.

Maelezo tunayoyapendekeza yangesomeka hivi: "Diatomu iliyo hai, kutoka utelezi wa jiwe lililozama kina cha goti, Kigwena, tarehe na saa ya kuchota zimeandikwa. Umbo limepinda kama nusu mwezi, ncha zote mbili butu. Rangi ya kahawia-dhahabu. Haikuonekana ikitembea. Mstari wa kipimo: mikromita 20. Huenda ni jenasi Rhopalodia. Ganda halijasafishwa, hivyo spishi haikutajwa."

Tunaomba wasomaji walitazame neno "huenda". Katika insha za wanafunzi wetu neno hili huchukuliwa kuwa dalili ya udhaifu. Hapa ndilo linalompa mwandishi heshima, kwa sababu linatenganisha alichokiona na alichokikisia. Watazame pia mpangilio: mahali kwanza, umbo baadaye, jina mwisho. Jina likitangulia, jicho huanza kuona kile ambacho jina limeagiza.

Na maneno yote hayo yapo. Butu, ncha, utando, nyuzi, ushanga, kibweta na kupinda ni Kiswahili cha kila siku. Hata chombo chenyewe kina funzo lake: darubini lilitokana na maneno ya Kiajemi yenye maana ya kuona mbali, na hadubini likafuata umbo hilohilo kwa ajili ya kuona vilivyo vidogo. Wengi bado hukiita chombo hiki darubini, na mwalimu anayesahihisha kosa hilo aeleze sababu, ili mwanafunzi aelewe tofauti badala ya kukariri.

Hitimisho

Tangu katikati ya miaka ya 2000 Kiswahili kimeingia katika shule za msingi za Burundi, na mwaka 2007 nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Idadi ya watoto wa pwani ya Tanganyika wanaosoma Kiswahili ni kubwa kuliko zamani. Tukiwapa Kiswahili cha barua, hadithi na methali pekee, watalazimika kuliacha kila wanapotaka kusema jambo la uhakika juu ya maji yao.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa walimu wenzetu zoezi moja. Katika somo la utungaji, wapeni wanafunzi picha moja ya hadubini isiyo na jina. Waandike sentensi tano za kueleza kinachoonekana, bila kukitaja. Kisha badilishaneni karatasi, na kila mmoja ajaribu kuchora kutokana na maelezo ya mwenzake. Panapotokea mchoro usiofanana na picha, hapo ndipo lugha ilipopungua, na hapo ndipo pa kuanzia somo. Walio karibu na idara za biolojia waombe slaidi za maji ya mahali pao, iwe Kigoma, Kisumu, Mwanza, Bujumbura au Rumonge. Walio mbali watumie picha zilizochapishwa, mradi ziwe na mstari wa kipimo.

Tunawatakia kazi njema.